Toleka, Pokea Sifa Zako

Kabla ya vita, baba mdogo alipanda meli kutoka Kinshasa, akatushukia Kisangani na habari za fula-fula: malori yaliyojengewa bodi za mbao, yakashindiliwa watu ndani hadi wengine wakaning'inia nje. Sisi watoto wa Mangobo tulimsikiliza midomo wazi. Kwetu basi lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Usafiri tuliokua nao ni toleka: baiskeli, keria ya nyuma, na mgongo wa dereva uliolowa jasho sentimita chache kutoka puani mwako. Nimeamua kuisifu, maana washairi wote wamekwisha kuchukuliwa na magari.

Nianze na kiti. Kilipokuwa kipya kilikuwa sponji iliyovishwa plastiki nyekundu, na mashada ya nyuzi pembeni kama kitanda cha bibi harusi. Sponji ilikufa mapema. Baada ya hapo ulikalia chuma, na chuma kilikusomea barabara shimo kwa shimo. Serikali yetu haikupata kamwe taarifa kamili kuhusu hali ya barabara za mji, lakini ingeweza kuipata bure kwa kuhoji makalio ya raia.

Breki nayo ilikuwa ndala ya dereva, iliyobanwa kwenye tairi. Wenye magari wanacheka, lakini gari gani humtaarifu abiria kwa harufu ya mpira unaoungua kwamba safari inakaribia mwisho? Na mnyororo! Huo ulipenda vitambaa vizuri. Kitenge cha Sotexki, kilichotengenezwa hapahapa mjini, kiliingia na maua yake na kutoka kimeongezewa ua jeusi la grisi. Ndiyo maana mama zetu walijifunza kukaa upande: magoti pamoja, kitenge kimekusanywa ndani ya ngumi, mtoto mgongoni, beseni la samaki mapajani, na bado ulipatikana mkono wa kumgonga dereva mgongoni alipokosea njia. Kuna wanasarakasi wanaolipwa kwa kufanya machache kuliko hayo.

Kituo kikuu kilikuwa soko kuu la Makiso. Nasema kituo kwa heshima tu, kwani hapakuwa na bango, wala paa, wala ratiba. Palikuwa na msitu wa usukani na sauti: «Mangobo, Mangobo! Mama, kuja tuende!» Ukimtazama dereva mmoja machoni, wanne wamekwisha kushika mzigo wako. Godoro, mbuzi, mabati, mikungu ya ndizi, mgonjwa anayepelekwa hospitali: toleka haikuuliza swali isipokuwa bei, na bei ilijadiliwa kwa Kiswahili, ikapandishwa kwa Kilingala, ikafungwa kwa Kifaransa endapo abiria alivaa tai. Mwenye safari ya Lubunga alipelekwa hadi ukingoni, akavuka mto kwa mtumbwi, na ng'ambo akakuta toleka nyingine zikimgombania kwa maneno yaleyale.

Wasomi walikuwa wengi kati ya madereva. Mwalimu wa hesabu, ambaye mshahara wake ulikuwa uvumi, alitufundisha asubuhi na kutubeba jioni. Mtoto aliyepanda toleka ya mwalimu wake hakuwa na pa kujificha: katika mteremko aliulizwa jedwali la saba, katika mlima alishushwa asukume. Nasikia siku hizi watu hulipia masomo ya ziada.

Sasa niseme jambo moja bila mzaha. Kuanzia 1998 vita viliukata mto. Meli za Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 hivi kwa maji, hazikufika tena, na mafuta yakawa adimu. Magari yalisimama uani yakaota nyasi. Kisha mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, wageni wote wawili, yakapigana siku 6 katikati ya mji wetu, na raia kwa mamia wakafa. Mizinga iliponyamaza, mji ulihitaji kitu chochote chenye magurudumu kisichosubiri meli, waziri wala mfadhili. Toleka ilitaka wali na maharagwe tu, na dereva alikula hata bila maharagwe.

Baadaye zikaja pikipiki za Kichina. Nakiri zina kasi, zinapanda mlima bila kukushusha, na mnyororo wake hauna hamu ya vitenge. Lakini jaribu kuzungumza na dereva wake! Upepo na injini humeza kila neno. Kwenye toleka, kutoka sokoni hadi Mangobo, ulijua nani kafa, nani kaoa tena, unga umefika kiasi gani, na dereva alijua kwa nini umegombana na shemeji. Gazeti gani la mji huu limewahi kukufikisha nyumbani?

Ninayo haja moja kwa wakuu wa mji. Stanley alipita hapa Januari 1877, wengine wakimbebea mizigo, na kwa kazi hiyo ya kubebewa mji wote ukaitwa kwa jina lake hadi 1966. Toleka imetubeba sisi, na haina hata uchochoro wenye jina lake. Ijengewe sanamu mbele ya soko kuu, ya chuma kitupu, sponji imeisha, mama amekaa upande na beseni lake. Na tafadhali, fundi asiifunge breki. Tutadhani ni baiskeli ya mji mwingine.