Mabonde Yapo Hata Huku

Waheshimiwa, kama bado mnapanga ile ziara ya mafunzo Ujerumani, ya kulala Cologne kama kundi na kushinda kwenye bonde la Rhine, tunaomba mfikirie Lodwar, huku Turkana.

Mpango ni uleule. Mji wa kulala upo, na mto upo: Turkwel, unaoteremka kutoka Mlima Elgon hadi Ziwa Turkana. Malazi nayo yana historia. Jomo Kenyatta alikaa hapa kuanzia 1959 hadi 1961 kwa gharama ya serikali ya mkoloni, wala hakudai posho.

Siku ya pili twendeni Kakuma, kilomita zipatazo 120, mkauone mto Tarach. Kule Rhine mtapanda meli. Hapa mtapita katikati ya mto kwa viatu vyenu vya ngozi, maana sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mtawakuta akina mama wamechimba shimo mtoni, wanateka maji kikombe kwa kikombe. Hayo ndiyo mafunzo. Mvua ikinyesha milimani, mto hufurika ghafla na ratiba hubadilika bila kikao cha kamati.

Ukarimu msiutilie shaka. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma inapokea wageni tangu 1992, wengi wamekuja kwa makundi, tena bila tiketi ya kurudi.

Kasoro ya Turkana ni moja tu: posho ya huku hulipwa kwa shilingi. Basi, safari njema ya Ujerumani.