Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila Diani

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni wazi kwamba wahenga hawakuwahi kufika hoteli ya ufukweni Diani wakati wa bafe ya usiku. Wangefika, methali hiyo wangeifuta wenyewe. Vijana wa Msambweni na Ukunda wamefunga njuga miguuni, wanacheza gonda kando ya bwawa la kuogelea, na wageni wamewapa migongo. Wageni wanawatafuta kamba wa kuchoma. Mpiga nzumari anajaza mashavu mpaka macho yanataka kutoka, na mtu pekee anayemtazama ni mpishi wa mishikaki, tena kwa sababu makaa yake hayajashika.

Hali hiyo nimeishi nayo tangu Diani ipate hoteli, na nililala usingizi wangu vizuri tu. Kisha nikapelekwa Nairobi kutazama baleti, na sasa nagombana na kila mtu.

Nasema nilipelekwa kwa sababu si mambo ya kujitakia. Binti wa mpwa wangu alinipigia simu akasema, "Babu, nimechaguliwa kuwa theluji." Nilipomweleza mke wangu, aliuliza kama nafasi za kuwa mtu zilikuwa zimekwisha. Mtoto mwenye asili ya Gazi, kwa Wadigo wa pande zote mbili, awe theluji, na ni Desemba, kaskazi inavuma, kuku wanahema chini ya mwembe! Lakini babu akialikwa haendi kwa hoja, huenda kwa nauli. Matatu mpaka Likoni, feri na jasho lake, kisha Nairobi, ambako shemeji aliniazima sweta lililonikaba shingo mpaka nikaanza kuongea kama Mzungu.

Mchezo wenyewe ni ule wa kibano cha kuvunjia njugu, The Nutcracker, ambao Tchaikovsky aliutungia muziki na ukachezwa mara ya kwanza mwaka 1892 huko St Petersburg. Hapa kwetu Dance Centre Kenya, shule iliyoanzishwa mwaka 2015 na mchezaji Mmarekani Cooper Rust, huupandisha jukwaani Desemba pale Kenya National Theatre. Kisa ni chepesi. Msichana anapewa sanamu ya askari wa mbao kama zawadi ya Krismasi, usiku sanamu inapata uhai na kupigana na mfalme wa panya, kisha wanasafiri hadi nchi ya peremende. Nyumba yangu ina panya wa kutosha kumpa yule mfalme jeshi la akiba, lakini askari wa kuwapiga bado sijaletewa.

Niwaambie wenzangu wa barazani, walioniuliza swali moja tu niliporudi: "Wanaume nao huvaa nini?" Nikajibu, soksi. "Na nini tena?" Soksi, ila zimepanda mpaka kiunoni. Mzee mmoja akasema astaghafirullahi, akaagiza kahawa ya pili ili asikie vizuri zaidi.

Basi sikilizeni. Wale watu wana nguvu ya ajabu. Viatu vya wasichana nilidhani vimetiwa chuma mbele. Hamna chuma. Ni tabaka za kitambaa, karatasi na gundi zilizokaushwa zikawa ngumu, juu yake satini, na mchezaji wa daraja la juu anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Ndara zangu zimeshaona marais wawili! Na juu ya gundi hiyo msichana anasimama kwenye ncha za vidole, mwili wote umekusanyika pale, halafu usoni anatabasamu kama aliyeletewa sahani ya halua. Mimi nikikanyaga kipande cha tumbawe maji yakiwa yametoka, kijiji kizima huamka.

Wanazunguka pia. Mwitaliano Pierina Legnani alizunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika Swan Lake mwaka 1895, na tangu hapo wasichana wa dunia nzima wanalipa deni lake. Wavulana wanaruka, wanabaki juu kitambo, kisha wanatua bila kishindo. Nilikaa karibu na jukwaa, nikawasikia wakihema. Ndipo nilipoanza kuwapenda, maana jasho la mchezaji nalijua tangu utoto, sawa na harufu ya ngoma inayokaushwa motoni.

Wala msiniambie ni mambo ya watoto wa matajiri. Joel Kioko alitoka Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio karibu na Karen, akafika London kwenye shule ya English National Ballet. Kule Kibera, Mike Wamaya amekuwa akiwafundisha watoto baleti katika chumba cha darasa, madawati yamesukumwa pembeni, na picha zao zimezunguka dunia. Mtoto akishajua kunyoosha mguu hivyo, hakuna anayemwuliza kama baba yake ana gari.

Malalamiko ninayo, lakini. Katika nchi ya peremende kila kinywaji kina taifa lake: chokoleti ni Hispania, chai ni Uchina, kahawa ni Arabuni. Nikakaa sawa kwenye kiti, nikasema hapa ndipo kwetu. Ikaja kahawa ya polepole, tumbo wazi, na muziki wa kubembeleza mtoto alale. Kahawa gani hiyo ya kuleta usingizi? Hakuna dele, hakuna vikombe vinavyogongana, hakuna hata tende. Tchaikovsky angekaa baraza moja tu la Ukunda, akapewa kikombe cha kahawa tungu yenye tangawizi, kipande kile kingechezwa mbio, na mpiga ngoma angeomba likizo.

Lalamiko la pili ni kubwa zaidi. Theluji yangu ilipotokea, nyeupe, inazunguka na wenzake bila kugongana, mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nilikuwa na noti ya mia mbili. Pwani mchezaji akikukuna roho unainuka, unamwendea, unambandika noti kwenye paji la uso, unarudi kwa madaha, na wewe mwenyewe umecheza kidogo njiani. Nilikuwa nimeinuka nusu pale mpwa alipolikamata sweta. "Mjomba, kaa!" Nikakaa na mia mbili yangu. Ati unapiga makofi tu, tena kwa wakati wake.

Na Warusi wenyewe, wenye ngoma yao, hawakuwa na ustaarabu huo! Husimuliwa kwamba mwaka 1842 mashabiki wa St Petersburg walinunua viatu vya baleti vya Marie Taglioni, wakavipika, wakavila na mchuzi. Mtu anakula kiatu cha mchezaji anaitwa mpenzi wa sanaa, mimi na noti ninaitwa mshamba.

Hata hivyo, kuna kitu walichonipa kule, na ndicho kinachonigombanisha sasa. Taa zilizimwa. Simu zilinyamazishwa. Watu wazima, wengine wenye vyeo, walikaa gizani saa nzima na zaidi bila kutafuna, wakatazama miguu ya watoto. Hakuna aliyepita na sahani. Hakuna aliyeuliza kama samaki yupo. Walitazama tu, na wachezaji walijua wanatazamwa, mabega yao yalisema hivyo.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa meneja wa hoteli moja ya hapa jirani, ambayo nitalisitiri jina lake. Nikamwambia sengenya na gonda si kachumbari ya kuwekwa pembeni mwa sahani. Funga jiko nusu saa, panga viti vitazame upande mmoja, punguza taa, wageni wawatazame vijana wetu, na atakayekunwa aruhusiwe kutunza. Akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, wageni watakuwa na njaa."

Na wawe nayo. Mimi nimetoka Ukunda mpaka Nairobi kutazama theluji na kahawa isiyonyweka, sikupewa hata karanga, na bado niliwapigia makofi mpaka viganja vikawasha. Mtu aliyepanda ndege kutoka Ulaya kuja Diani ataweza kumngoja kamba kwa nusu saa. Kamba mwenyewe hana haraka, ameshakufa.