Vurra, Saa Mbili na Mbuzi Mmoja

Watalii wa meli kubwa wakishushwa Bergen kule Norway, mji wenye mvua mwaka mzima, huambiwa saa ya kurudi na kuonywa kwamba meli haimsubiri mtu. Sisi wa Arua meli hatuna. Tuna basi dogo la kukodi, shangazi mwenye kauli ya mwisho, na mpaka wa Vurra mwezi wa Oktoba. Kwa kulowa, vinatosha.

Tulikuwa tunakwenda Aru kupeleka mahari. Walugbara hawakuulizwa mpaka ulipochorwa, kwa hiyo wakwe zetu wako Kongo, sisi tuko Uganda, na kila posa inagongwa muhuri. Karatasi zetu zilikuwa bado zinashughulikiwa. Za mbuzi zilikamilika tangu Arua, kwa daktari wa mifugo. Dereva akatangaza, "Kanyosheni miguu. Saa nane kamili naondoa gari."

Barabara ya lami inayoanzia hapo inakwenda kilomita 92, kupitia Arua na Koboko, mpaka Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Mimi nikaichoka mapema, nikakanyaga pembeni. Mguu ukatoka, kiatu cha sherehe kikabaki kwenye tope jekundu. Kijana wa bodaboda akakichomoa kwa vidole viwili. "Mzee, na cha pili nikutolee, au hicho utakirudia?"

Ndipo mvua ikashuka. Mpaka huu umefuata mgongo wa nchi unaotenga maji ya Nile na maji ya Kongo. Tone likiangukia upande wetu, safari yake ni Nile hadi Mediterania. Likiangukia ng'ambo, linashika Kibali, Uele na Ubangi, mwishowe Atlantiki. Nami nilisimama katikati bila mwavuli, nikiyapokea ya bahari zote mbili shingoni.

Nikakimbilia kibanda cha mama muuza chapati na maharage. Simu yangu, bila kuniaga, ikanasa mnara wa Kongo, na huko wako nyuma yetu kwa saa moja. Ikasoma saa saba na dakika kumi. Nikaagiza sahani ya pili. Baadaye kidogo wasiwasi ukanipanda.

"Mama, saa ngapi sasa?"

"Unataka ya Uganda au ya Kongo?" akauliza, kama anayeuliza chai ya maziwa au ya rangi.

Nikachukua ya Kongo. Ilikuwa na nafasi ya kumaliza maharage.

Nilirudi kwenye basi dakika tano kabla ya saa nane ya simu yangu, moyo mweupe. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga ubavuni mwa gari, umelowa, kitenge cha shangazi kikichuruzika maji. "Mwanangu," akasema, akininyoshea saa yake ya mkononi, "hii ni saa nane ya wapi?"

Walikuwa wamerudi saa nane ya Uganda, wakakuta milango imefungwa na dereva hayupo. Alikuwa ng'ambo anakunywa chai, na simu yake nayo ilikuwa imehamia Kongo. Ndani alibaki mbuzi peke yake, mkavu, kwenye kiti changu cha dirishani. Dereva akatokea nyuma yangu na mwavuli mkubwa. "Mnamwona mzee huyu?" akawaambia. "Huyu ndiye anayejua muda." Tangu hapo shangazi hakunisemesha.

Tukavuka, gari likahamia mkono wa kulia kama sheria ya Kongo inavyotaka, na mbuzi hakukubali kuhama. Aru tulikuta kikao kimepangwa saa tisa, saa ya kwao. Tulikuwa tumewahi. Wakwe wakatupongeza kwa kuheshimu muda, kisha wakatutazama nguo na kuuliza gari limeharibikia wapi.

Basi ukialikwa ng'ambo ya Vurra, muulize mwenyeji wako saa ni ya upande gani, na ufunguo wa gari ushikwe na shangazi.