Kila Mara ni Mara ya Kwanza

Mfyuuu! Niacheni nisonye. Mtu ananaswa usiku akiendesha gari kalewa chakari, asubuhi anasimama kizimbani kwa unyenyekevu: "Mheshimiwa, naomba msamaha, hili ni kosa langu la kwanza." Faini inalipwa kwa simu pale pale, jioni yuko baa. Mwaka ujao ananaswa kaunti nyingine, na wimbo ni ule ule. Nani pale mahakamani anajua kwamba alishaimba?

Sheria tunayo, tusidanganyane. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 44, inasema dereva aliyelewa hata akashindwa kulimudu gari hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, na leseni husimamishwa miezi 12. Hapo kwenye "isiyozidi" ndipo panaponiwasha. Kilele kimetajwa, sakafu hakuna. Wala kifungu hicho hakipandishi adhabu kwa anayerudia. Kijana wa bodaboda akitozwa laki moja, pikipiki imeuzwa. Bwana wa gari kubwa anaitoa laki hiyo na kuendelea na safari zake.

Fundi viatu ananikatiza: "Si ilikuja Alcoblow?"

Ilikuja, ami. Desemba 2013 mashine hizo za kupima pombe kwenye pumzi zilishuka barabarani, na watu wakashika adabu. Wengine waliacha magari nyumbani, wengine wakapashana habari kwa simu polisi wamesimama wapi. Kanuni zilikuwa zimeweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Mwenye baa akaenda kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni zile zinagongana na sheria mama, kwa sababu kifungu cha 44 kinataka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari, na namba ya mashine peke yake haitoshi. Majaji siwalaumu, walisoma kilichoandikwa. Wa kuandika upya ni Bunge.

  

Tazameni California. Mwaka 1980 binti wa miaka 13, Cari Lightner, aligongwa akafa. Aliyemgonga alikuwa mlevi, na alishakamatwa kabla kwa kosa lilo hilo. Mama yake, Candy Lightner, akaanzisha MADD, chama cha akina mama dhidi ya madereva walevi, na hakuwapa wanasiasa usingizi. Leo sheria ya jimbo lile humkumbuka dereva kwa miaka 10: kosa la pili linamgharimu kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili, na la nne kuliko la tatu. Akishahukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kisha akarudia na kuua mtu, anaweza kushtakiwa kwa mauaji, kwani hatari aliijua. Na huo ndio ukweli. Wa mara ya kwanza anaweza kusema hakufikiri. Wa mara ya tatu amefikiri, akapima, akaona faini inalipika.

Mama muuza mahamri anauliza, na swali lake ni zito: "Mkimfunga dereva wa matatu, watoto wake wale nini?" Wa kwanza mhurumieni, mama. Mpeni faini anayoweza kuilipa kwa uchungu, mnyang'anyeni leseni, mpelekeni akatibiwe kama pombe imeshamtawala. Lakini wale abiria kumi na nne nyuma yake nao wana watoto.

Leseni mpya tulizopewa zina chipu. Hukumu ya Kisii na isomeke Kilifi, ili siku mtu akisema "kosa langu la kwanza", hakimu awe na la kwanza, la pili na la tatu mbele yake, na sheria inayomlazimu kuyahesabu.