Shavu la Kulia ni Raia

Shavu langu la kulia ni Mtanzania halali. La kushoto bado lina maswali ya kujibu. Siku niliyokwenda kupigwa picha ya kitambulisho cha taifa, gego la kushoto lilikuwa limekesha likinipigia ngoma, na kufikia asubuhi upande huo wa uso ulikuwa umevimba kama nimeficha embe dodo. Nilikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na mtu aliyewahi kuipanga foleni ile haachi nafasi yake kwa sababu ya jino. Nikapigwa picha hivyohivyo. Jino lilikuja kung'olewa, uvimbe ukaisha, kadi ikatoka na embe lake.

Tangu hapo, gari likisimama kwenye kizuizi chochote kati ya Kibondo na Kasulu, naanza kujaza hewa shavu la kushoto kabla sijatoa kadi. Askari anaitazama kadi, ananitazama mimi, anarudi kwenye kadi.

"Mzee, toa hicho ulichoweka mdomoni."

"Ni hewa, afande."

"Iteme."

Nikiitema, sifanani tena na mtu wa kwenye kadi. Nikiibakiza, naonekana nimemeza ushahidi.

Wageni huuliza kwa nini barabara hii ina vizuizi vingi namna ile. Jibu liko kwenye ramani. Kibondo imepakana na Burundi, na huko ndiko kambi ya Nduta ilikofunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipovuka kwa maelfu. Ukija upande wa Kasulu, karibu na Makere, kuna Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na baadaye ikapokea Warundi hadi ikapita watu 100,000. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi asitoke kambini bila kibali. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka pia miaka ya majambazi, basi lilipokuwa halipiti maporini bila askari wenye bunduki, na abiria tulikuwa tukisali dini zote kwa pamoja ili kupunguza hatari. Sasa lami imekuja, majambazi wamepungua, vizuizi vimebaki.

Tatizo letu Waha ni kwamba tunafanana na tunaotafutwa. Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi aliyoiacha Mjerumani, Mbelgiji akachukua Urundi, Mwingereza akachukua Tanganyika, na ndugu waliokuwa wakikopeshana majembe wakajikuta kila mmoja yuko ng'ambo. Hakuna aliyewaambia mashangazi. Mpaka leo harusi ya upande huu inajua wapishi wa upande ule. Kwa hiyo ukipanda haisi ukamsalimia jirani kwa Kiha, umeshajitia kwenye orodha. Makonda wanalijua hilo. Wapo ambao kizuizi kikikaribia hugeuka nyuma na kutangaza, "Wapendwa abiria, Kiswahili tafadhali," na gari zima linaanza kuulizana hali kwa Kiswahili fasaha cha taarifa ya habari. Nimeona mama na binti yake, ambao tangu Kifura walikuwa wakigombana kwa Kiha juu ya kitenge, wakaendeleza ugomvi uleule kwa "samahani mama" na "hapana shaka mwanangu" mpaka tukavuka kamba.

Asiye na kadi hufanyiwa mtihani wa mdomo. Kwenu wapi? Mwenyekiti wa kijiji nani? Ulisoma shule gani, mwalimu mkuu alikuwa nani? Wengine huambiwa waimbe wimbo wa taifa, na hapo ndipo unapogundua kwamba ubeti wa pili wa wimbo ule tunaujua kwa kumfuata jirani.

Aliyewahi kufeli vibaya kuliko wote machoni pangu ni shemeji yangu wa Temeke, mhasibu, mtu wa tai, aliyekuja kwetu msibani na kusahau pochi nyumbani. Mwenyekiti wa mtaa wake? Hamjui. Balozi wake? Akauliza, balozi wa nchi gani. Akaambiwa aimbe. Alianza vizuri, katikati akachepuka akaingia kwenye wimbo mwingine wa kizalendo, akaumalizia kwa madaha na mkono kifuani. Kiti cha mbele yake alikaa bibi mmoja wa Nyakitonto, hana kadi wala namba. Yeye alimtaja mwenyekiti, mke wa mwenyekiti, mama wa mwenyekiti, na deni la debe la maharage ambalo mwenyekiti hajalilipa. Askari akamwambia bibi akae. Shemeji ndiye aliyeshushwa, na bibi ndiye aliyemwombea: "Mwacheni mwanangu. Wa Dar es Salaam wote wako hivyo."

Kuwa na karatasi nako kuna mitego yake. Mwaka 2012 wilaya zetu zilikatwa: Kakonko ikatoka Kibondo, Buhigwe ikatoka Kasulu. Binamu yangu wa Manyovu, ambaye hajawahi kuhama hata chumba, ana cheti cha kuzaliwa cha Wilaya ya Kasulu na barua ya mtendaji ya Wilaya ya Buhigwe. "Ulihamia Buhigwe lini?" anaulizwa. "Sikuhamia, ilinikuta." Jibu hili ni la kweli kabisa na halijawahi kumsaidia. Mwaka 2021, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa mbunge wa Buhigwe, alipoteuliwa kuwa Makamu wa Rais, binamu alichangamka kuliko familia ya mteuliwa. Kizuizi kilichofuata aliulizwa kwao wapi, akajibu kwa kifua mbele, "Kwa Makamu wa Rais." Wakamshusha, safari hii kwa adabu.

Halafu kuna habari ya tarehe. Namba ya utambulisho wa taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Vizuri sana kwa aliyezaliwa hospitali. Shangazi zangu walizaliwa mwaka wa nzige, majira ya kuvuna, siku ambayo mbuzi wa jirani alipotea. Siku ya kujaza fomu wakakubaliana wachukue Julai mosi, wote, ili iwe rahisi kukumbuka. Basi siku moja wamekaa kiti kimoja kwenda Kasulu sokoni, kijana wa sare akakusanya kadi zao, akasoma, akakunja uso.

"Akina mama, mbona wote mmezaliwa Julai mosi?"

"Mwezi mzuri ule, baba," alisema mkubwa wao. "Hakuna tope."

Kinachonichekesha, na kuniuma kidogo, ni kwamba siku hizohizo kiti cha nyuma utamkuta mkimbizi halisi, anakwenda hospitali, ana kibali kilichoandikwa jina, safari, tarehe ya kwenda na ya kurudi, kimepigwa mhuri. Anakitoa, kinasomwa, anarudishiwa, anaendelea kula karanga zake. Sisi wenye nchi ndio tunaotetemeka, mwenye namba kaiandika nyuma ya risiti ya mbolea, mwenye kadi kaifungia sandukuni chini ya vitenge isije ikapotea.

Lakini mambo yote niliyoyaona hayafiki alipofika mwenyekiti mmoja wa kijiji, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya mvi zake. Kulikuwa na kijana hana kitambulisho, anabanwa maswali, akasema, "Mwenyekiti wetu yule pale nyuma, muulizeni." Nyuma kabisa, juu ya gunia la maharage, mzee alikuwa amesinzia. Akaamshwa.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Ng'ombe wao walikula mahindi yangu."

Kijana akaachiwa palepale. Ndipo askari akasema, kwa utaratibu tu, "Na chako, mwenyekiti?" Mzee akapapasa koti, mfuko wa ndani, mfuko wa nje, akapapasa na gunia. Kadi ilibaki kwenye koti la kanisani.

"Sasa mzee, kanuni unaijua kuliko mimi. Asiye na kitambulisho alete barua ya serikali ya kijiji."

Mzee akafikiri. Akafungua mkoba, akatoa daftari, kalamu, mhuri na kidau cha wino. Akaandika polepole juu ya goti, gari zima kimya, hata injini ilizimwa ili asitikisike. Akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi askari kwa mikono miwili.

Askari akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mwenyekiti, hii barua inasema kwamba unajitambua."

"Ndiyo, afande. Wako wa rika langu ambao hawajitambui kabisa. Mimi najitambua."