Jogoo wa Mngeta

Kijiji cha Mngeta hakijawahi kupungukiwa wageni wenye madaftari. Miaka ya 1980 walikuja Wakorea wa Kaskazini kulima mpunga kwa ubia na serikali yetu. Mwaka 2008 ikaja kampuni ya wawekezaji, ikalichukua shamba lile lile, hekta zaidi ya 5,000, na kuwafundisha wakulima wa jirani kilimo shadidi: mche mchanga, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Nyuma ya mwekezaji huja mtafiti, nyuma ya mtafiti mfadhili, na nyuma ya mfadhili mtu wa kupiga picha. Kwa hiyo niliposikia kuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani wanakuja kujifunza biashara endelevu na utamaduni wa wenyeji, na wanatafuta mkalimani, wenyeji hawakunitia hofu hata kidogo. Wenyeji ni wazoefu. Nilichohofia ni barabara.

Tuliondoka Ifakara asubuhi kwa Kosta. Masika yalikuwa yanaaga, ila kama yule mgeni anayesema "haya, mimi naenda" huku amekaa na kikombe cha pili cha chai. Tukasimama Mbingu kuona kakao, maana pale wakulima huuza mbegu zikiwa mbichi na ute wake, halafu mnunuzi ndiye anayezichachusha kwenye masanduku ya mbao na kuzianika. Mwenyeji wetu akapasua tunda na kuwaonjesha. Ule ute ni mtamu kweli, una uchachu wa stafeli. Akawaambia wamumunye, mbegu wateme. Kabla sijamaliza kutafsiri neno la pili, kijana mmoja mrefu alikuwa ameshatafuna. Uso wake ulipita hatua ambazo sikuzijua uso unazo. Alidhani kilichomo ndani ni chokoleti.

Mbele kidogo tukazama. Sisemi tulikwama, tulizama, mpaka ngazi ya mlango ikalala juu ya tope. Dereva hajazima injini, vijana wakatokea migombani na majembe, magogo na bei. Profesa, mama mmoja mwenye kofia pana, akaona hii ni fursa ya masomo. Akaniomba niwaulize ni nani anayetunza kipande hiki cha barabara.

"Sisi," akajibu kiongozi wao, kwa fahari.

"Mnakitunzaje?"

"Tunahakikisha hakikauki."

Nikatafsiri kama alivyosema. Kalamu zikaanza kukimbia. Mwanafunzi mmoja akataka kujua kama wana washindani. Kiongozi akafikiri, akasema wapo wenzao wa shimo la mbele, lakini lile halina kina. Sijawahi kuona biashara inayoelezwa kwa ufasaha namna ile: mtaji unatoka mbinguni, mteja hana njia nyingine, na malipo ni kabla ya huduma.

Mngeta tukapokewa vizuri mno. Nilikuwa nimewafundisha shikamoo njiani, na wao, kwa bidii ya watu wanaopewa maksi, wakamwamkia kila kiumbe mwenye miguu miwili. Watoto wa shule ya msingi walipoligundua hilo, wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba na kutokea tena mbele yetu wakiwa wametulia kama wazee wa kanisa. "Shikamoo." "Marahaba." Mmoja, wa darasa la pili kwa kumkadiria, aliongeza, "Hujambo, mjukuu wangu?"

Chini ya mwembe kulikuwa na kikao. Wanafunzi wakatoa dodoso lao, swali la kwanza: changamoto zenu kubwa ni zipi? Mzee aliyekaa katikati hakujibu. Aliniinamia akauliza taratibu, "Hawa mradi wao ni wa maji au wa mazingira?"

"Hawana mradi, mzee. Ni wanafunzi tu."

Akakohoa, akajiweka sawa kitini, akatangaza, "Changamoto yetu kubwa hapa ni elimu."

Wote wakaandika. Mimi nilibaki kumvulia kofia. Angeambiwa ni madaktari, kijiji kizima kingeanza kukohoa.

Jioni mama mmoja aliyekuwa amewaonyesha jinsi ya kupepeta mchele akampenda yule kijana mrefu, labda kwa sababu alipeta vibaya na kucheka vizuri. Akampa zawadi: jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kijana akaninong'oneza kwamba yeye hali nyama, kwa imani yake kuhusu dunia. Nikamweleza mama kwa heshima zote.

"Sijamwambia amle, mwanangu," akasema mama. "Nimempa."

Hapo hapakuwa na rufaa. Jogoo akalala gesti, amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Saa tisa usiku akawika. Gesti zetu unazijua, ukuta hauendi mpaka darini. Mlango wangu ukagongwa. Alikuwa dereva wa lori la mpunga, amejifunga kanga. "Mwalimu," akasema kwa huzuni, "mwambie mzungu wako azime."

Kulipokucha kijana akamfungua jogoo kwa siri, amwache huru. Haikupita hata nusu saa watoto wakamrudisha, "Kuku wako katoroka!" Akashukuru, akasubiri waondoke, akamwachia tena. Wakamrudisha tena, safari hii wakiwa wengi zaidi, kwa sababu mara ya kwanza aliwapa peremende. Mwisho akamkabidhi jogoo kwa mama mwenye gesti, naye mama akampokea kwa mikono miwili na macho makavu. Kijana alirudi amefarijika, akaniambia kwa furaha kwamba sasa jogoo amepata makazi.

Chakula cha usiku kilikuwa wali wa mchele wa Saro 5, mchicha, na bakuli kubwa la mchuzi. Kijana akanusa, akauliza umepikwa kwa nini. Nikatafsiri.

"Nyanya, kitunguu, karoti na hoho," akajibu mama mwenye gesti, akitaja kwa ukamilifu vitu vyote vya sufuriani vilivyoota ardhini.

Akajimwagia. Akala kwa mikono, kama tulivyomfundisha, akafumba macho. Akasema hajapata kuonja mboga zenye ladha hii tangu azaliwe. Dereva wa lori, meza ya pembeni, aliacha kutafuna akanitazama. Kazi ya mkalimani ni kutafsiri kinachosemwa, na kilichosemwa ndicho nilichokitafsiri.

"Mama," nikamwambia, "anaomba aongezewe mchuzi."