Gobori la Babu Limeniponza

Mdomo huu, jamani. Mtu mwingine simlaumu. Niko zangu Texas, nabeba maboksi siku tano kwa wiki, Jumamosi nataka kulala mpaka godoro linichoke. Jirani yangu, mzee mstaafu wa Kizungu mwenye ndevu za kufika kifuani, akaniita uani kwake anionyeshe bunduki. Ndefu kama mti wa kuangulia maembe. Akasema ni Sharps, mtindo wa 1874, za aina hii ndizo walizomalizia nyati wa Marekani. Mtu mwenye akili angesema "hongera mzee", akaenda kula. Mimi nikasema, "Kwetu babu yangu alikuwa na gobori."

Sikudanganya. Babu alikuwa nalo kweli. Ila mimi nililiona likiwa limelala darini, na siku niliyoligusa nilichapwa. Hayo sikuyasema.

Mzee akafurahi kama kaletewa mjukuu. Akaniwekea kiti, akanianzishia hadithi ambayo sasa naijua kwa moyo. Mwaka 1874, Creedmoor, Long Island, Wamarekani wanashindana shabaha na Waireland, yadi 800, 900 mpaka 1,000. Waireland na bunduki za Rigby za kushindilia kwa mbele, yaani magobori tu, ila ya heshima. Wamarekani na Sharps na Remington za kujaza kwa nyuma. Matokeo 934 kwa 931. Mimi nikajua ni mpira wa kikapu. Kilichowaua Waireland ni mwenzao mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa, safi, pointi 4. Kwenye shabaha ya mtu mwingine. Akapewa sifuri. Wamefungwa kwa pointi 3! Mzee huwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi sicheki. Yule Milner ni ndugu yangu, hatujakutana tu.

Basi kuanzia hapo Jumamosi zangu zikafa. Siku ya kwanza ni kusubu. Risasi dukani zipo, zimepangwa vizuri kwenye boksi, nimeziona. Mzee hataki. Tusubu wenyewe. Nikampigia mke wangu simu, "Nachelewa, nayeyusha risasi nipate kutengeneza risasi." Akaniuliza nimekunywa nini. Kosa si langu, Kiswahili ndicho kilichokiita kile kinachotoka kwenye mtutu kwa jina la madini yenyewe.

Chungu kina joto la karibu digrii 400 za Selsiasi. Risasi mafungu 20, bati fungu 1, ili uji uingie vizuri kwenye kalibu. Mwezi wa saba, Texas, nimevaa glavu za ngozi, mikono mirefu, miwani, kama mrina asali. Jasho linatiririka, na mzee anapiga kelele nisiinamie chungu, tone moja la maji likiingia mle linageuka mvuke ghafla na risasi inaruka usoni. Sasa jasho nilizuie vipi? Nimeze?

Za kwanza zote zikatoka na mikunjo kama shingo ya kobe. Kalibu bado la baridi, mzee akasema. Nikamwambia hii kama vitumbua, vile vya kwanza huwa vya watoto. Akauliza vitumbua ni nini. Nikaeleza dakika kumi, mchele, nazi, iliki, chuma cha vitumbua. Akauliza, "Kwa hiyo ni donati?" Nikakubali yaishe.

Halafu kupima. Kila moja iwe greni 530, kama gramu 34 hivi. Ikizidi au ikipungua greni moja, inarudi chunguni. Nimesubu 60, zimepita 22. Kazini kwangu ningeshafukuzwa.

Sasa njoo kwenye karatasi, maana hapa ndipo nilipovuliwa nguo. Risasi hii inavalishwa. Ndiyo, inavalishwa karatasi, izuie madini yale laini yasisuguane na mtutu na kuganda mle ndani. Karatasi ya pamba, nyembamba, unene wake sehemu 2 za 1,000 za inchi. Unaikata msambamba, ncha zote mbili mshazari. Unailowesha. Unaizungusha kwenye risasi mara mbili kamili, na ncha zikutane. Zisipandane. Zisiachane. Zikutane! Mkia unaobaki unaukunja chini. Ikikauka inajikaza yenyewe, inashika kama msuli wa mvuvi.

Ya kwanza ncha zikapandana. Ya pili zikaachana, pengo la kupitisha sisimizi. Ya tatu ikachanika. Ya nne nikaifunga vizuri, nikaisimamisha mezani, ikajivua taratibu mbele ya macho yangu. Mke wangu hukunja sambusa 100 huku simu iko begani na anamsengenya shemeji yake. Mimi saa mbili nzima nina risasi nne, na mbili ziko uchi.

Mzee akanipa 10 nikamalizie nyumbani. Usiku nikawaza kiutu uzima. Nikachukua gundi ya shule ya mwanangu, ile nyeupe. Nikapaka risasi, nikazungusha karatasi, tap! Zote 10 kwa nusu saa. Freshi. Nikalala nikijiona fundi.

Siku ya majaribio tukaenda uwanja wa shabaha, yadi 200. Ganda lenyewe .45-70, la tangu 1873, hiyo 70 ni greni za baruti nyeusi. Mzee akaanza. Bum! Moshi. Mbele ya mtutu vikaanguka vipande vya karatasi kama harusini. Akaviokota kimojakimoja, akavitazama kwenye mwanga, akatabasamu. Karatasi imechanika inapotoka, risasi imeenda peke yake, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akapitisha kitambaa cha maji mtutuni, maana masizi ya baruti hii yakikauka yanakuwa lami. Piga moja, futa. Piga moja, futa.

Zamu yangu. Bega likaenda likarudi. Moshi ukanifunika, harufu ya mayai viza. Nikasubiri vipande vya karatasi. Hakuna. Ya pili, hakuna. Mzee akawa anatembea nyasini mbele ya mtutu, ameinama, kama mtu aliyedondosha sindano. Nikafika ya tano. Tukaenda kutazama shabaha. Tatu hazipo kabisa, Mungu anajua ziliko. Mbili zipo, ila tundu si la duara, ni refu. Risasi imeingia kiubavu, kama abiria wa daladala.

Mzee akachukua moja ya zile tano zilizobaki. Akajaribu kuibandua karatasi kwa ukucha. Haikubanduka. Akaikwangua kwa kisu. Akainusa. Akanitazama.

"Gundi?"

"Kidogo tu, mzee."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliniambia polepole, kama unavyomwambia mtoto, kwamba kazi ya karatasi ni kuachana na risasi ikishatoka mtutuni, na yangu imekwenda nayo mpaka mwisho, nusu imeng'ang'ania, nusu inapepea, ndiyo maana inayumba. Halafu akauliza, taratibu vilevile, "Babu yako naye alikuwa anatumia gundi?"

Maganda yote nikaosha mimi, usiku uleule, maji ya moto na sabuni, kwenye sinki la nyumbani. Mke wangu akasimama mlangoni. Vyombo vya chakula cha jioni vimejaa pembeni, sijagusa hata kijiko. Mwanangu naye anatafuta gundi yake.

Jumamosi ijayo tunasubu upya. Na wewe unayekuja huku, nakuomba: mzee mwenye ndevu akikuonyesha bunduki, mwambie babu yako alikuwa mvuvi.